Kimya cha Kengele

Kengele ya moto iliyonyamaza inaweza kuwa na maana mbili. Labda hakuna moto. Au waya umekatika, na hata jengo likiungua haitalia. Ukisimama tu kwenye korido huwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Kwangu mimi, historia ya vifaa hivi ni historia ya kutenganisha kimya hiki na kile. Kupiga kengele yenyewe ndiyo ilikuwa kazi rahisi.

Tuanzie Boston, Marekani. Mwaka 1845 daktari mmoja, William Channing, alipendekeza telegrafu, ambayo bado ilikuwa teknolojia mpya, itumike kuita wazima moto. Akishirikiana na fundi Moses Farmer, mfumo ulianza kazi Aprili 1852: masanduku barabarani, kila moja na namba yake, yameunganishwa kwa waya hadi ofisi moja. Ukiona moto unafungua sanduku, unazungusha mkono wa chuma, na namba inafika kule kwa midundo ya telegrafu. Sasa, nani anaona nyumba inawaka halafu anazungusha polepole? Wenye haraka walivuruga midundo, karani akabaki hajui moto uko wapi. Baadaye ikawekwa springi: unavuta mara moja, mashine inajihesabia yenyewe.

Kilichonishika zaidi ni umeme. Ungedhani waya unakaa bila umeme mpaka moto utokee. Mifumo iliyoenea baadaye, hasa ile ya John Gamewell aliyenunua haki za ubunifu huo, ilifanya kinyume. Umeme ulipita saa zote, na sanduku lilituma namba kwa kuukata na kuurudisha. Tawi likiangusha waya, mkondo unapotea na ofisini wanajua papo hapo. Waya umejitangazia tanzia wenyewe.

Paneli ya leo, lile sanduku lenye taa karibu na meza ya soja, bado inatumia ujanja huo. Mwisho wa waya fundi anafunga rizista, kidude kidogo kinachobana umeme, kwa hivyo paneli inajua ni mkondo kiasi gani unafaa kupita. Kigunduzi kikinusa moshi mkondo unapanda: taa nyekundu. Mkondo ukipotea, waya umekatika au mtu amechomoa kigunduzi: taa ya njano. Kanuni za Ulaya, EN 54, zinaipa paneli sekunde 100 iwe imeshasema. Lakini paneli za aina hii zinataja eneo tu. Fundi ndiye anapanda ngazi kukagua kimoja kimoja.

Ndipo zikaja paneli zenye anwani. Waya unazunguka jengo na kurudi, kila kifaa kina namba, na paneli inaziita mfululizo kama mwalimu anayesoma rejista. Asiyeitika anaandikwa. Hata aliyejaa vumbi anajulikana kabla hajaanza kulia ovyo. Ni zile namba za Boston zimerudi, ila sasa paneli ndiyo inauliza.

Namba nayo lazima mtu aielewe. Tarehe 15 Aprili 2019, saa 12:18 jioni, mfumo wa Notre-Dame, Paris, uliona moto na kuonyesha maneno machache na msimbo. Mlinzi alitumwa kwenye dari ya jengo dogo la pembeni, akakuta shwari. Moto ulikuwa kwenye dari ya kanisa lenyewe. Karibu nusu saa ilipotea hapo.

Hapa Nairobi mara nyingine hatufiki hata huko. Kuna jengo nililokuwa naenda kuandikia, na taa ya njano ya paneli yake iliwaka kila siku. Mlio haukuwepo, maana kuna kitufe cha kuunyamazisha, taa hubaki. Kioo kidogo kilitaja kifaa kisichojibu na mahali kilipo: ngazi, ghorofa ya nne. Nikamuuliza soja.

“Hiyo sio moto, kijana wangu. Ni waya tu. Ilikuwa inatusumbua usiku.”

Nikauliza kama mwenye jengo ameambiwa.

“Anajua,” akasema, akanisukumia kitabu cha wageni niweke sahihi.