Bustani ya Chicago na Daawa ya Kiwanja cha Ziwani

Vitabu vinavyoandikiwa wageni wa Chicago hupenda kuhadithia ya kuwa Millennium Park ilizaliwa siku ile Meya Richard M. Daley alipokuwa katika kiti cha tabibu wa meno, akatupa macho nje ya dirisha, akaona njia za reli na magari yaliyoegeshwa katika uso wa mji wake, akaona haya. Hadithi ni tamu, wala sina hoja ya kuikadhibisha. Linaloniudhi ni kuona dirisha la tabibu limepewa sifa yote, ilhali zaidi ya miaka mia kabla yake palikuwa na mfanyabiashara mmoja ambaye madirisha ya jengo lake yalielekea kiwanja kile kile, na lau si ukaidi wake, meya asingekuta pahali pa kupanda hata mti mmoja.

Asili ya mji wenyewe yajulikana na haitaki kurefushiwa maneno. Jean Baptiste Point du Sable, mtu wa nasaba ya Kiafrika, alikaa na kufanya biashara mdomoni mwa mto Chicago mwishoni mwa karne ya 18. Jeshi la Marekani likajenga boma hapo mwaka 1803. Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakatia sahihi mkataba wa kuhamishwa mwaka 1833. Na mwaka 1837 kijiji kikapewa hadhi ya mji. Jambo lenye uzito lilitokea baina ya hayo, mwaka 1836, makamishna waliopewa kazi ya kuchimba mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na mto Illinois walipouza viwanja ili wapate fedha za uchimbaji. Katika ramani ya mauzo, juu ya ule ukanda mwembamba ulio baina ya Michigan Avenue na maji, waliandika ya kuwa ni ardhi ya umma, itakayobaki wazi daima pasipo jengo wala kizuizi cha namna yoyote. Miaka mitatu baadaye, ardhi ya boma ilipokatwa viwanja upande wa kaskazini, serikali ya Marekani nayo ikaweka sharti la mfano huo. Watu wa pwani yetu, waliozoea kuona shamba la wakfu likigombewa na wajukuu wa mwenye kuliweka, hawatastaajabu kusikia kwamba maandishi hayo yaliheshimiwa mpaka siku ardhi ilipopanda bei.

Waandishi wengi huanza kuhesabu dhuluma kwa kuja kwa reli, na hapo mimi nahitilafiana nao. Mwaka 1852 kampuni ya Illinois Central haikuvunja mlango, ilikaribishwa. Mawimbi yalikuwa yakila ufuo, matajiri wa Michigan Avenue walizihofia nyumba zao, na mji haukuwa na fedha za kuwakinga. Basi baraza likairuhusu kampuni kuingia mjini kwa njia ya ndani ya ziwa, juu ya nguzo za mbao, kwa sharti kwamba ijenge ukuta wa kuvunja mawimbi kwa gharama yake. Kwa muda wa miaka treni zilipita majini, na baina yake na barabara palikuwa na maji matulivu ambamo watu walitembea kwa mashua. Kisha ukaja ule moto mkubwa wa Oktoba 1871, na mji ulioungua, ukitafuta pa kutupa matofali na majivu yake, ukavimwaga vifusi katika maji hayo hata yakawa nchi kavu. Hivyo ndivyo reli ya ziwani ilivyojikuta barani bila ya kusogea hata hatua moja.

Hayo hayaiondolei kampuni lawama ya tamaa. Mwaka 1869 bunge la Illinois, likiipuuza kura ya turufu ya gavana, liliitunukia zaidi ya ekari elfu moja za ardhi iliyo chini ya maji. Mwaka 1873 bunge likajirudi na kuitangua sheria hiyo. Na mwaka 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani ikahukumu kuwa jimbo limeyashika maji hayo kwa amana ya raia, wala amana ya namna hiyo haitolewi kwa kampuni.

Aaron Montgomery Ward alianza mwaka 1872 kuwauzia wakulima bidhaa kwa posta, mtaji wake ukiwa karatasi moja ya bei, na kufikia mwaka 1890 alikuwa tajiri mwenye jengo lake Michigan Avenue. Mbele yake, pale ramani ilipoahidi uwazi, palikuwa na vibanda, mabehewa na takataka za mji. Oktoba ya mwaka huo alimwagiza wakili wake, George Merrick, afungue daawa, nayo daawa ikaendelea kwa miaka ishirini. Mara nne ilifika katika Mahakama ya Juu ya Illinois, mwaka 1897, 1902, 1909 na 1910, na mara zote nne hukumu ikawa upande wa Ward. Jumba moja tu, Art Institute, lililofunguliwa mwaka 1893, liliponyoka, kwa kuwa majirani waliliridhia.

Kilele cha ugomvi kilifika pale Marshall Field, tajiri wa maduka, alipofariki Januari 1906 na kuacha wasia wa dola milioni 8 kwa ajili ya jumba la makumbusho, ikiwa mji utatoa kiwanja katika muda wa miaka 6. Msanifu Daniel Burnham, katika mpango wake mashuhuri wa mwaka 1909, akalichora jumba hilo katikati kabisa ya Grant Park, kama kiwanja kile cha ziwani kilivyokuwa kikiitwa sasa. Basi adui wa Ward hakuwa tena vibanda na mabehewa. Sasa alisimama mbele ya elimu, sanaa na wasia wa maiti, huku miaka ya sharti ikihesabika. Magazeti yalimshambulia, na matajiri wenzake wakamnunia. Yeye alilieleza gazeti la Tribune kwamba alikuwa akiwapigania maskini wa Chicago, si mamilionea.

Nasadiki nusu ya maneno hayo. Mtu mwenye jengo linaloelekea ziwa hupata faida ziwa lisipozibwa, na wanaomfanya Ward walii wangefaa wakumbuke hilo. Lakini wanaomdharau kwa sababu hiyo nao wamekosa insafu, maadamu haki aliyoidai mahakamani ilikuwa ya mwenye kiwanja kinachopakana na uwanja ule: pasipo mtu mwenye maslahi, mkaidi na mwenye mali ya kulipa mawakili, ile ramani ya 1836 ingebaki pambo la makabati. Mwishowe ni Illinois Central yenyewe iliyotoa ardhi kusini mwa bustani, na jumba la Field likafunguliwa huko mwaka 1921. Ward alikuwa amekwisha kufa mwaka 1913.

Kuna daawa nyingine ambayo waandishi wa sifa za Ward huipita kimya. Wapotawatomi wa ukoo wa Pokagon walisema hivi: babu zetu walitoa ardhi mpaka ufuoni, hawakutoa ziwa, basi nchi iliyozaliwa kwa vifusi nje ya ufuo wa zamani ni yetu. Walifungua kesi mwaka 1914. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawajibu kuwa, hata kama waliwahi kuwa na haki hapo, waliiacha zamani. Nisomapo hukumu hizi pamoja huona tabu kuyameza: maandishi ya makamishna wa mfereji yalidumu kwa vizazi, na haki ya watu waliofukuzwa ikahesabiwa kuwa wameitupa wenyewe.

Yaliyofuata ni ya juzi. Treni za abiria zilianza kwenda kwa umeme mwaka 1926. Mwaka 1955 jengo la Prudential likafunguliwa, nguzo zake zikiwa zimepenyezwa baina ya njia za reli. Kisha, kaskazini ya Randolph Street, yakaota maofisi, mahoteli na majumba ya kukaa ya Illinois Center, juu ya barabara za tabaka tatu. Pembe ya Grant Park ilibaki shimo la reli na maegesho hadi mwaka 1997, Illinois Central ilipoachilia haki zake baada ya mawakili wa mji kuzichunguza hati za zamani na kuishtaki. Millennium Park ilitangazwa mwaka 1998 kwa makisio ya dola milioni 150, ikafunguliwa Julai 2004 kwa milioni 475 hivi. Ni dari lenye majani: katika Lurie Garden, chini ya udongo, vimetandikwa vipande vya povu gumu jepesi ili paa lisielemewe, na chini zaidi hupita abiria waendao hadi South Bend, Indiana. Ukumbi wa Harris, kwa kuogopa hukumu za Ward, ulizamishwa ardhini kwa sehemu kubwa; na jukwaa la msanifu Frank Gehry, lililopanda kupita kiasi kinachoruhusiwa, likahesabiwa kuwa ni kazi ya sanaa wala si jengo, hila ambayo nadhani Merrick angefurahi kuipeleka mahakamani.