Mipaka miwili, amri tatu: historia ya barakoa Rusizi

Mwishoni mwa Aprili 2020, familia ya Giheke, wilayani Rusizi, yenye ndugu Bukavu, Kongo, na wengine Cibitoke, Burundi, ilikuwa inaishi chini ya amri tatu zisizofanana. Giheke, kama kwingine kote Rwanda, kutoka nje ya ua bila barakoa lilikuwa kosa. Ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, barakoa zilikuwa zimelazimishwa Kinshasa tangu Aprili 20, na mikoa ikawa inafuata kila mmoja kwa kasi yake. Kusini, ukishuka Bugarama hadi kuvuka kuingia Burundi, watu walikuwa wanajazana kwenye mikutano ya kampeni za uchaguzi wa Mei 20, bega kwa bega, nyuso wazi. Ugonjwa ulikuwa mmoja na hewa ni ile ile ya bonde la Rusizi. Serikali tatu zilikuwa zimeulizwa swali moja, na kila moja ikajibu lake.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: je, mtu asiyeumwa, anayekwenda sokoni kuuza ndizi, afunike mdomo na pua? Jibu lake lilikuwa linatafutwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na wanaodhani mabishano yalizaliwa na korona wanakosa nusu ya kisa.

Mwaka 1897, mjini Breslau, daktari bingwa wa upasuaji Johann Mikulicz alianza kujifunga kitambaa cha shashi usoni akiwa chumba cha upasuaji. Mwenzake Carl Flügge alikuwa ameonyesha kwamba mtu akizungumza tu, wala si lazima akohoe, anarusha vitone vya mate vyenye vijidudu. Shashi ile ilikuwa ya kumkinga mgonjwa aliyelala mezani asiambukizwe na daktari. Tangu siku ya kwanza, basi, barakoa ilikuwa kinga ya mtu mwingine. Jambo hili lilisahauliwa mara nyingi baadaye, na kila liliposahauliwa mjadala ulipotea njia.

Desemba 1910, tauni ya mapafu ilipokuwa inafagia Manchuria, serikali ya China ilimtuma Harbin daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge. Wu alipasua maiti, akaona kwamba tauni hii ilikuwa inapita kwa pumzi, haikuhitaji panya wala viroboto. Akaagiza barakoa za shashi na pamba, za tabaka kadhaa, zenye mikia mirefu ya kufungia nyuma ya kichwa. Zilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kushona. Daktari Mfaransa aliyemzidi umri na uzoefu, Gérald Mesny, hakukubaliana naye. Aliingia wodini kuwahudumia wagonjwa bila barakoa, na Januari 1911 akafa kwa tauni hiyo hiyo. Baada ya kifo chake mji wa Harbin ulianza kufunika nyuso. Tauni iliua watu wapatao 60,000 kabla haijazimwa miezi michache baadaye.

Miaka 7 ikapita, ikaja homa ya 1918. Kwetu Afrika Mashariki ilishuka bandarini Mombasa na kupanda na reli kwenda bara, ikiwakuta watu waliochoshwa na vita, ubebaji wa mizigo wa kulazimishwa na njaa. Wakati huo San Francisco walikuwa wanabishana kuhusu shashi. Mji ulilazimisha barakoa mwezi Oktoba, waliokaidi wakatozwa faini, wengine wakawekwa ndani. Januari 1919 wapinzani wakaunda chama kizima cha kupinga barakoa, na Februari amri ikafutwa. Mwaka 1920, Wilfred Kellogg wa bodi ya afya ya California alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba shashi ile, jinsi ilivyokuwa nyepesi na jinsi watu walivyoivaa, haikuwa na manufaa ya kutosha kuhalalisha kuwalazimisha watu.

Hayo ya Kellogg yalitulia vitabuni kwa karne nzima. Ndiyo maana korona ilipoingia, wataalamu wakubwa walijibu kama walivyofundishwa. Mwisho wa Februari 2020 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Jerome Adams, aliwasihi wananchi waache kununua barakoa. Mwezi Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba virusi hivi havisafiri hewani. Rwanda nayo, baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Machi 14, iliwaambia watu kwamba barakoa ni za wagonjwa na wahudumu wa afya. Mkazo ulikuwa kwenye mikono.

Na Rusizi ilikuwa tayari na mikono safi. Tangu 2018 Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini, na Agosti 2019 ikafika Mwenga, Kivu ya Kusini, mkoa unaopakana na wilaya hii. Anayevuka daraja kwenda au kutoka Bukavu alikuwa amezoea kunawa maji yenye klorini na kupimwa joto la mwili kwa kipima cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Vijijini kulikuwa na kandagira ukarabe: dumu dogo la maji limening'inizwa kwenye mti, kamba imefungwa kwenye kijiti kilicholazwa chini. Unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanatoka, mkono haugusi kitu. Ni kifaa cha busara na kimeokoa matumbo mengi. Lakini Ebola inapita kwa majimaji ya mwili, na korona inapita kwa pumzi. Maandalizi yale yote yalikuwa ya adui aliyepita mlango mwingine.

Kisha, katika wiki chache, jibu likageuka. Aprili 3 Marekani ikabadili msimamo. Aprili 18, Waziri wa Afya wa Rwanda, Daniel Ngamije, akatangaza kwamba kila mtu avae barakoa hadharani, na hata nyumbani pale ambapo familia kadhaa zinaishi ua mmoja. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuja kushauri barakoa za vitambaa kwa umma Juni 5, yaani wiki 7 baada ya Kigali. Naliandika hili kwa sababu ni haki kulitaja: nchi ndogo isiyo na maabara nyingi ilisoma alama za nyakati mapema kuliko Geneva. Waliosema kwamba Rwanda ililifuata tu shirika hilo, tarehe haziwaungi mkono.

Ila amri ilitangulia barakoa zenyewe. Viwanda vya nguo vilikuwa ndiyo kwanza vinapewa vibali vya kushona, na vyama vya mafundi vilivyotimiza viwango vikafuata. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa, bei ikawa karibu faranga 500 kwa moja. Kwa mtu wa mshahara ni kitu kidogo. Kwa kibarua wa Giheke anayelima shamba la mwenzake kwa faranga elfu moja au zaidi kidogo kwa siku, ni nusu ya siku ya jembe. Na ana mke na watoto wanne. Hesabu hiyo hufanywa jikoni, na mwisho wake ni barakoa moja ya nyumba nzima: anayetoka ndiye anayeivaa.

Matokeo yake yalionekana kote Afrika Mashariki, wala si Rusizi peke yake. Barakoa imeshushwa kidevuni, inapandishwa afande akionekana. Barakoa imekaa mfukoni pamoja na sarafu na funguo, inatolewa mlangoni pa soko. Barakoa haijafuliwa wiki nzima kwa sababu ikifuliwa leo kesho hakuna ya kuvaa. Wakubwa waliita hayo ukaidi, na wapo waliofanya kwa ukaidi kweli. Mengi, nionavyo mimi, yalikuwa ni umaskini uliojifunga kamba masikioni. Rwanda ilijibu kwa askari wengi barabarani, kwa faini, na kwa kuwakesha wakaidi viwanjani wakisomewa masharti. Kenya iliandika kwenye sheria faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Uganda ilichagua njia nyingine: Rais Museveni aliahidi Mei 2020 kwamba kila mtu kuanzia umri wa miaka 6 atapewa barakoa bure. Ugawaji ukasuasua, lakini wazo lilikuwa sahihi kuliko faini zote.

Rusizi ilipigwa mapema. Rwanda ilianza kulegeza karantini ya nchi nzima Mei 4, na taxi-moto pamoja na safari za mikoani zilitarajiwa kurudi Juni 1. Mwishoni mwa Mei wagonjwa wapya wakapatikana Rusizi. Nchi nzima ikasubiri, na ilipofunguliwa Juni 3, Rusizi na Rubavu, wilaya mbili za mpaka wa Kongo, ziliachwa nje. Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, ikarudi karantini. Kwa miezi kadhaa mabasi hayakuingia wala kutoka wilayani wakati wakazi wa Nyanza na wakulima wa Musanze walikuwa wanasafiri kama kawaida, na mwenye ndizi zake Giheke alikuwa na mpaka uliofungwa mbele yake na barabara iliyofungwa nyuma yake. Wilaya hii ililipia mpaka wake kuliko sehemu nyingi za nchi, na gharama hiyo haijawahi kuandikwa vya kutosha.

Jirani wa kusini alilipa kwa namna yake. Burundi iliwafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani katikati ya Mei, ikapiga kura wiki iliyofuata. Rais Nkurunziza akafariki Juni 8. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, mwisho wa mwezi huo huo akaitangaza korona kuwa adui mkubwa wa Burundi. Tanzania ilichukua muda mrefu zaidi. Rais Magufuli alizitilia shaka barakoa za kutoka nje, na ilikuwa Februari 21, 2021 ndipo alipowahimiza wananchi wavae zilizotengenezwa nchini. Aliaga dunia Machi 17.

Sasa, je, zilisaidia? Wapo wanaotaka jibu la neno moja, na ushahidi haulitoi. Jaribio la Denmark la mwaka 2020, lililohusisha watu wapatao 6,000, liliona maambukizi ya asilimia 1.8 kwa waliopewa barakoa na 2.1 kwa wasiopewa, tofauti ndogo isiyothibitisha kitu. Wapinzani walilishika hilo kwa mikono miwili. Lakini jaribio lilipima kama barakoa inamkinga aliyeivaa, katikati ya watu ambao wengi hawakuvaa. Lile la Mikulicz, kumkinga wa mbele yako, halikupimwa.

Jaribio linalotuhusu sisi zaidi lilifanyika Bangladesh kuanzia mwisho wa 2020, kwa sababu lilifanyika vijijini, kwa watu wa kipato kama cha Giheke. Vijiji 600, watu zaidi ya 340,000. Nusu ya vijiji viligawiwa barakoa bure nyumba kwa nyumba, viongozi wa dini na wa mitaa wakahamasisha, na watu maalumu wakasimama njiani kuwakumbusha wapita njia kwa upole. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Palipogawiwa barakoa za hospitali, waliougua na kuthibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa asilimia 11, na kwa wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walipungua kwa asilimia 35. Za kitambaa hazikutoa jibu la uhakika.

Kwangu mimi, takwimu hizo zinakata shauri kwa namna mbili. Kwanza, umma unapaswa kuvaa barakoa pale ugonjwa unapopita kwa pumzi, hasa kwa ajili ya wazee, hata kama faida ni ya kiasi. Pili, na hili ndilo lililokosekana kwetu, serikali haina haki ya kumtoza faini mtu kwa kukosa kitu ambacho haikumpa. Anayetoa amri atoe na barakoa, tena ile ya hospitali inayofanya kazi, asimwachie fundi wa cherehani mzigo wa kuokoa taifa kwa vipande vya kitenge.

Rwanda ingeweza. Ina washauri wa afya vijijini, wale abajyanama b'ubuzima waliochaguliwa na majirani zao, wanaojua kila nyumba ina mzee gani na mtoto gani anakohoa. Mtandao huo ndio ule ambao Bangladesh ililazimika kuuunda kwa ajili ya jaribio. Hapa upo tangu miaka ya tisini.

Ulazima wa barakoa uliondolewa na baraza la mawaziri Mei 13, 2022, watu wakishauriwa tu kuvaa ndani ya majengo. Mwaka 2024 yakaja mengine mawili mfululizo. Mpox ilivuka kutoka Kongo na kuthibitishwa Rwanda mwezi Julai, na Septemba 27 ikatangazwa Marburg, iliyowapiga hasa wahudumu wa afya: wagonjwa 66, vifo 15. Umma haukulazimishwa barakoa safari hiyo, na ilikuwa sawa, kwa kuwa Marburg inapita kwa majimaji ya mwili. Wahudumu walivishwa, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa mmoja mmoja, na Desemba 20 mlipuko ukatangazwa kuisha.

Ugonjwa wa pumzi utakaofuata una kila sababu ya kupitia madaraja ya Rusizi, kwa kuwa ndiko watu wanakopita maelfu kila siku na mizigo kichwani. Vituo vya afya vya wilaya hii, cha Giheke kikiwemo, vinahitaji maboksi ya barakoa za hospitali stoo tangu sasa, ya kutosha kila nyumba, na orodha ya wajumbe watakaozigawa siku ya kwanza kabla tangazo la redio halijamaliza kusomwa.