Mawe Yalihamishwa Vizuri Kuliko Watu

Mwaka jana alikuja mgeni kwenye kituo chetu cha vijana hapa Kakuma. Alikuwa mama wa makamo kutoka Marekani, amekuja na shirika kwa wiki mbili tu. Jioni ya mwisho akaomba projekta, jenereta ikawashwa, akatuonyesha picha za safari aliyoifanya Misri kabla ya kuja Kenya. Hakwenda peke yake. Mji wake una undugu na mji mmoja wa Misri, na mara kwa mara kikundi cha utamaduni cha kwao, waimbaji, walimu, wazee wastaafu, hufunga safari kwenda kusalimia ndugu zao na kuona mambo ya kale.

Mambo ya miji dada wengi wetu hatuyajui, kwa hiyo niyaeleze kidogo. Rais Eisenhower wa Marekani ndiye aliyeanzisha mpango huo kwao mwaka 1956. Wazo lake lilikuwa kwamba serikali zinaongea na serikali, sasa watu wa kawaida nao waongee. New York ina undugu na Cairo, Los Angeles na Giza, Baltimore na Luxor. Niliwauliza vijana wangu, je, Kakuma dada yake ni nani? Wakajibu wote pamoja: Dadaab! Mgeni hakuelewa kwa nini tulicheka hivyo.

Basi picha zikaanza. Piramidi za Giza, ile kubwa ya Khufu yenye umri wa miaka kama 4,500, kila mtu akapiga kelele. Karnak na nguzo zake. Bonde la Wafalme ng'ambo ya mto kule Luxor. Halafu Kom Ombo, hekalu la Sobek mungu wa mamba, ambapo mamba wenyewe walikaushwa na kufungwa vitambaa kama wafalme. Hapo vijana wa Kiturkana waliokuja kutazama wakawa na maneno mengi, maana mamba wa ziwa lao wanawajua. Mwisho tukafika Abu Simbel: watu wanne wa mawe wamekaa kwenye viti, kila mmoja urefu wa mita 20 hivi, na mbele yao ziwa kubwa la bluu.

Mgeni akasema hekalu hili zamani lilikuwa chini kule, penye maji. Walilikata, wakalipandisha. Binti mmoja wa kikundi chetu, yuko kidato cha pili, akainua mkono: "Na watu waliokuwa wanakaa hapo chini, walipelekwa wapi?"

Mgeni alinyamaza kidogo. Akasema kweli, hakuuliza, na mtu aliyekuwa akiwatembeza hakusema.

Niliandika swali hilo kwenye daftari. Haya ninayoandika sasa ndiyo niliyopata, mengine kwenye maktaba, mengine kwenye simu wakati nilipokuwa na bando.

Kwanza nisafishe jambo moja, maana hapa Kenya jina hili linachanganya. Watu hao wanaitwa Wanubi, lakini si wale wa Kibera wala wa Bombo kule Uganda. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na Kinubi chao kimetokana na Kiarabu. Wanubi ninaowasema mimi ni watu wa mto Nile wenyewe, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, na lugha zao si Kiarabu kabisa. Wamekaa pale kwa maelfu ya miaka. Wafalme wa kusini huko, kama Piye na Taharqa wa Kush, waliwahi kuitawala Misri yote. Na hata hili hekalu la Abu Simbel, Farao Ramses wa Pili alilichonga katika mwamba wa Nubia miaka zaidi ya 3,200 iliyopita, na wataalamu wengi wanaona alitaka Wanubi wamwone na waogope.

Hawakuhamishwa mara moja. Hilo ndilo lilinishangaza. Bwawa la kwanza la Aswan lilimalizika 1902, wakati Waingereza walikuwa wanatawala. Maji yakapanda, mashamba na mitende ikazama. Mwaka 1912 wakaliongeza urefu. Mwaka 1933 wakaliongeza tena. Kila mara Wanubi walifanya kitu kile kile: walipanda juu kwenye kilima, wakajenga upya, nyumba zikiangalia mto. Kwa sababu ardhi ya kulima ilikuwa imekwisha, wanaume wengi walikwenda Cairo na Alexandria kuwa wapishi na mabawabu, wakituma pesa nyumbani. Kijiji kilibaki mikononi mwa akina mama. Wao ndio walipamba nyumba, wakachora kuta, na juu ya milango wakapachika sahani za udongo ndani ya ukuta ili zing'ae kwenye jua.

Halafu mwezi wa kwanza wa 1960 Rais Gamal Abdel Nasser akazindua ujenzi wa Bwawa Kuu. Urefu wake karibu kilomita 4, kimo mita 111. Ziwa lililotokea nyuma yake lina urefu wa kama kilomita 500 na linaingia hadi Sudan. Safari hii hakukuwa na kilima cha kupanda. Nchi nzima ilikuwa inakwenda chini.

Sitaki kusema bwawa lilikuwa ubaya mtupu. Misri ilikuwa na watu wengi na mto usiotabirika, mwaka mmoja mafuriko, mwaka mwingine njaa. Bwawa lilileta umeme na maji ya kumwagilia mwaka mzima. Sisi ambao laga ikijaa inabeba nyumba zetu hatuwezi kumcheka mtu anayetaka kufunga maji. Ninachouliza ni nani alilipa.

Tarehe 8 Machi 1960 UNESCO ilitoa wito kwa dunia nzima: mahekalu ya Nubia yaokolewe. Na dunia ilisikia, bwana. Nchi zipatazo 50 zilichanga. Kati ya 1964 na 1968 Abu Simbel ilikatwa vipande zaidi ya 1,000, vingine vizito kufikia tani 30. Kila kipande kilipewa namba. Wakati wa kukata, uso wa hekalu ulifunikwa mchanga ili usiumie. Wakavipandisha mita kama 65 juu na kuvirudisha nyuma mita kama 200, wakavipanga tena, na nyuma yake wakajenga kuba kubwa la zege ili mlima wa kutengenezwa usiliangukie hekalu.

Mara mbili kwa mwaka jua la asubuhi huingia mpaka chumba cha ndani kabisa na kumulika sanamu zilizokaa mle, isipokuwa ya Ptah, inayobaki kivulini. Wahandisi walihakikisha jua linaendelea kuingia. Siku hizi ni tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, na wanaowatembeza watalii husema kabla ya kuhama ilikuwa siku moja mapema. Siku moja tu. Na kuna jambo jingine ambalo nililisoma mara mbili. Moja kati ya zile sanamu nne za nje ilivunjika tangu zamani, kichwa chake kilikuwa kimelala chini mbele ya miguu yake. Walipohamisha, hicho kichwa kilichoanguka nacho walikibeba juu, wakakilaza chini vile vile kilivyokuwa kimelala. Yaani hata kuvunjika kwake kuliheshimiwa.

Sasa watu. Watu walikuwa kama 50,000 upande wa Misri, na wengine karibu idadi hiyo hiyo upande wa Sudan. Wa Misri walihamishwa kuanzia Oktoba 1963 mpaka Juni 1964. Kabla ya kuondoka walikwenda makaburini kuaga wafu wao. Wakapandishwa meli na mabasi mpaka karibu na Kom Ombo, kama kilomita 45 kaskazini mwa Aswan, mahali palipoitwa Nasr al-Nuba. Vijiji vyao viliachiwa majina yao ya zamani. Hicho ndicho walichobaki nacho.

Nyumba mpya zilipangwa kwa mistari, na ziligawiwa kwa hesabu ya vyumba. Familia kubwa mtaa wake, familia ndogo mtaa wake. Kwa karatasi inaonekana haki. Lakini bibi mjane anayekaa peke yake alipewa chumba kimoja kwenye mtaa wa vyumba kimoja kimoja, na mtoto wake mwenye familia akawa mbali, wakati zamani alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mto haukuonekana, ulikuwa kilomita kadhaa. Nyumba nyingine zilikuwa hazijakwisha watu walipofika. Watoto na wazee wengi walikufa miezi ya mwanzo. Akina mama walianza kupaka chokaa na kuchora kuta za zege, kuvunja hapa na kuongeza pale, mpaka zikaanza kufanana na nyumba. Aliyewahi kupewa namba ya bloku atanielewa, sina haja ya kueleza zaidi.

Upande wa Sudan ilikuwa mbali zaidi. Mkataba wa maji ya Nile wa Novemba 1959 uliipa serikali ya Sudan pauni milioni 15 za Misri kwa ajili ya hasara. Watu wa Wadi Halfa waliandamana Oktoba 1960, haikusaidia. Mwaka 1964 treni ziliwabeba mpaka Khashm el-Girba, upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwao. Walitoka nchi ambayo mvua karibu haijulikani, wakapelekwa kwenye ngurumo na matope. Mkuu wa wilaya aliyesimamia uhamisho huo, Hassan Dafalla, baadaye aliandika kitabu kizima kuuhusu. Lakini wako waliokataa. Walibaki jangwani, na kila maji yalipopanda walisogeza vibanda vyao, mpaka Wadi Halfa ikazaliwa tena kando ya ziwa. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, maelfu ya watu waliokimbia Khartoum walilala kwenye mji huo huo wakisubiri viza za kuingia Misri.

Na hapa niwachekeshe kidogo, ingawa si kicheko sana. Mahekalu mengine yalipelekwa nchi ya tatu! Misri iliyatoa kama shukrani kwa nchi zilizochangia. Hekalu la Debod liko Madrid, Uhispania. La Taffeh liko Leiden, Uholanzi. La Ellesyia liko Turin, Italia. Lango la Kalabsha liko Berlin. Hekalu la Dendur lilivunjwa 1963, likatiwa kwenye masanduku 661, na tangu 1978 linakaa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina paa la kioo na joto linapimwa. Niliposoma hayo kwa vijana, mmoja ambaye familia yao imefanya intavyuu tangu akiwa darasa la tatu akasema, "Kumbe ningezaliwa jiwe."

Sisemi mahekalu yangeachwa yazame. Mimi mwenyewe nafurahi kwamba yapo. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi ulikuwepo. Watu wale wale, miaka ile ile, walijua kwamba ukihamisha kitu lazima kwanza ujue kilikuwa kinaangalia wapi, na jirani yake alikuwa nani. Walilijua kwa mawe. Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo kilituma hata watafiti, wakiongozwa na Robert Fernea, wakaandika jinsi Wanubi walivyoishi kabla ya kuhamishwa. Kwa hiyo mtu hawezi kusema hakuna aliyejua.

Wanubi hawakunyamaza. Hamza El Din, aliyezaliwa Toshka 1929, alikuwa fundi wa reli Cairo, akaacha kazi na kuzunguka vijijini na ala yake ya udi akiwaambia watu maji yanakuja. Baadaye alipiga muziki wa Nubia duniani kote, na kijiji chake kiko chini ya ziwa. Aswan wamefunguliwa makumbusho yao tangu 1997. Na katiba ya Misri ya 2014, kifungu cha 236, iliahidi kwamba ndani ya miaka 10 serikali itafanya miradi ya kuwarudisha watu wa Nubia kwenye maeneo yao ya asili. Miaka 10 iliisha 2024. Hawajarudishwa.

Haya yote nilimwandikia yule mama. Nilifikiri hatajibu, wageni wengi hawajibu. Akajibu baada ya siku nne. Akasema alitafuta ratiba yao ya zamani na kukuta kwamba meli yao ilisimama Kom Ombo jioni, wakatazama hekalu la mamba kwa saa moja, wakarudi kula. Nasr al-Nuba ilikuwa pale jirani tu. Kikundi kingine cha mji wake kinajiandaa kwenda mwezi wa kumi, wawahi lile jua la tarehe 22 huko Abu Simbel, na ameniambia atawaomba waongeze nusu siku.

Nilimwuliza binti wa kidato cha pili tuwaagize nini. Alifikiri sana. Akasema wapige picha ya mlango wenye sahani, na wamwulize mwenye nyumba sahani ni za zamani au ni mpya.