Kuchemka kwa Maji na Historia ya Kahawa katika Masisi na Walikale

Katika Kiswahili joto la maji lina ngazi zake: maji huwa baridi, huwa vuguvugu, huwa moto, na mwishowe huchemka. Anayefundishwa kupika kahawa huambiwa asubiri maji yachemke, kana kwamba kuchemka ni kipimo kimoja mahali pote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, kwa kutazama Masisi na Walikale, maeneo mawili jirani ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, Kongo.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda uzito wa hewa iliyo juu yake. Kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo uzito huo unavyopungua na maji yanavyochemka mapema. Takribani uzi mmoja wa sentigredi hupungua kwa kila mita 300. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walilitumia jambo hili kupimia kimo cha nchi. Mwaka 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ziwa Tanganyika, kimo chake kilikisiwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Jibu lilikuwa futi 1,800 hivi, hali kimo halisi hukaribia futi 2,500. Kosa la joto lisilotimia hata uzi mmoja lilipoteza mamia ya futi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyogawa kahawa ya Kivu. Milima ya Masisi, ambayo mahali pengi hupita mita 2,000, ina baridi iifaayo arabika, mmea wenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia. Walikale kwa sehemu kubwa ni msitu wa bonde la Kongo, ulio chini ya mita 1,000, na huko hustawi robusta, ambayo ni mwenyeji wa misitu hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, robusta ya Kongo ilipelekwa Java kwa kupitia Brussels, kuziba pengo la arabika iliyoangamizwa na kutu ya majani.

Arabika ya Masisi ilienea kwa njia nyingine. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Kuanzia mwaka 1937 watu wa Rwanda walihamishiwa Gishari, katika Masisi, na mashamba ya walowezi yakapata vibarua. Kahawa ikawa zao la kuuzwa ng'ambo: ilichumwa huku, ikakaangwa na kunywewa kwingine. Kwa hiyo hata maarifa ya kuipika yaliandikwa kwingine.

Maarifa hayo ni ya watu wa nchi za chini. Katika pwani ya Waswahili kahawa huchemshwa ndani ya dele, na maji ya huko huchemka kwa nyuzi 100. Huko Ulaya na Marekani, ambako kahawa ya kuchuja ilishika, viwango vinavyotajwa ni kati ya nyuzi 90 na 96. Maji yakizidi hapo huvuta uchungu mwingi kutoka katika unga. Yakipungua, kahawa huwa chachu na nyepesi. Ndipo ulipozuka ushauri kwamba maji yaepuliwe na kuachwa yapoe kidogo kabla ya kumiminwa.

Ushauri huo ni sahihi kwa Mombasa na Brussels. Kwa Walikale, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 97 au 98, bado unafaa, hasa kwa kuwa robusta ni chungu kwa asili. Lakini katika miinuko ya Masisi maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Anayeyaacha yapoe hupoteza ladha ya arabika yake; yampasa ayamimine yangali yakitokota, katika chombo kilichokwisha pashwa moto. Wala kuzidisha moto hakumsaidii, kwa maana maji yaliyo katika sufuria isiyobana mvuke hayapiti joto la kuchemka kwake. Kinachoteketea ni makaa tu.

Mashamba ya walowezi yalitaifishwa kufuatia tangazo la Novemba 1973, na mengi yakadhoofika. Kisha, Machi 1993, mapigano yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Watu wengi waliuawa na wengine wakayakimbia makao na mashamba yao. Mkulima aliyebaki na mikahawa yake amezoea kuhukumiwa na ulimi wa mnunuzi wa mbali. Akiionja mwenyewe kwa kanuni iliyotungiwa nchi za chini, huenda akaidharau kahawa isiyo na kosa. Neno kuchemka ni moja; kipimo chake hutolewa na nchi anayoishi mpishi.