Kilomita 80 kwa saa: historia ya mwendo wa malori ya masafa marefu

Leo tunaangazia suala linalowagusa wote watumiao barabara kuu, nalo ni mwendo unaofaa kwa malori ya masafa marefu.

Msikilizaji wetu aliyeko Kandara, mjini Jeddah, akifunga safari ya kwenda Riyadh kwa gari, atakata takriban kilomita 950 za milima na jangwa. Mnamo mwaka 2018 Saudi Arabia ilipandisha kikomo cha mwendo katika baadhi ya barabara zake kuu. Magari madogo yaliruhusiwa kwenda kilomita 140 kwa saa na mabasi 100, lakini malori yakabakishwa kwenye 80. Kiwango hicho cha 80 ndicho kilichomo pia katika sheria za Tanzania na Kenya kwa magari makubwa. Je, kwa nini lori linabanwa hivyo? Na kwa nini madereva wengi hukivuka kikomo hicho ilhali wanakifahamu?

Swali la kwanza ni jepesi kujibika. Lori likitoka mwendo wa 80 na kufikia 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa lori lenye shehena ya makumi ya tani, likiteremka mlima kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, breki hushika moto na hatimaye kushindwa kazi. Ndiyo maana dereva mzoefu huteremka kwa gia nzito, wala hategemei breki peke yake.

Swali la pili linahitaji historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia bila ya ridhaa ya Uingereza. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia Rhodesia. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta mwezi Desemba mwaka huo, Smith naye akaikatia Zambia. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa ya mafuta, lakini nchi haiwezi kuishi kwa mafuta ya ndege peke yake. Mzigo ukaangukia malori.

Malori hayo yalipakia mafuta na bidhaa nyingine Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, kisha yakaingia Zambia. Yaliporudi yalibeba shaba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi vumbi lilimzuia dereva kuona gari lililo mbele yake, na wakati wa masika barabara iligeuka tope. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na mshirika kutoka Italia, ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji iliyotumia malori ya Fiat. Nchi hizi changa hazikuwa na madereva wa kutosha wa magari makubwa, na haja ya Zambia ilikuwa haingoji. Mabaki ya malori yaliyopinduka na kuungua yakawa jambo la kawaida kando ya njia, hata wageni wakaipachika jina la barabara ya jehanamu.

Hapana shaka madereva wale waliiokoa Zambia. Lakini mazoea yalikwishajengeka kwamba thamani ya dereva ni wepesi wake wa kufika na kurudi.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika na kuyapunguzia malori mzigo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa mwaka 1976. Baina ya miaka hiyo, barabara yenyewe iliwekwa lami kwa misaada na mikopo kutoka nje. Vumbi na tope viliondoka, na pamoja navyo kikaondoka kile kilichokuwa kikimlazimisha dereva kupunguza mwendo. Sasa sheria ndiyo iliyotakiwa kumzuia. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliyawekea magari yanayozidi kilo 3,500 kikomo cha kilomita 80 kwa saa nje ya miji.

Nchini Kenya, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alikwenda mbali zaidi. Kanuni zake, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha magari ya abiria na ya mizigo mizito kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo, kidhibiti mwendo huweza kuchezewa, na wako walioifanya hiyo kuwa kazi.

Tuangalie sasa hesabu ya dereva mwenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930, karibu sawa na Jeddah hadi Riyadh. Kwa mwendo wa 80 usiokatika ni saa 11 na dakika 40 hivi. Kwa mwendo wa 100 ni saa 9 na dakika 20. Faida yake ni saa mbili na ushei. Lakini kwa miaka mingi malori yalikaa Tunduma kwa siku kadhaa yakisubiri kuvuka. Dereva alihatarisha roho yake ili awahi foleni.

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Lakini pale ambapo posho hutolewa kwa kila safari, mwenda pole hurudi nyumbani na unga pungufu. Jambo hili lilitambuliwa na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985. Kanuni zake zilimtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa nne na nusu. Aidha, zilikataza kumlipa dereva kwa kigezo cha umbali au wingi wa mizigo, iwapo malipo hayo yatahatarisha usalama barabarani. Baadaye ndipo malori makubwa ya Ulaya yalipofungwa vidhibiti vya kilomita 90 kwa saa. Yaani sheria iligusa kwanza mkoba wa mwajiri, kisha mguu wa dereva.

Katika Afrika ya Mashariki tumeanza na mguu. Askari wa usalama barabarani humsimamisha dereva na kumtoza faini, lakini aliyempangia siku ya kufika hayumo ndani ya lori. Kilomita 80 kwa saa ni mwendo unaofaa, nao utafuatwa siku ambayo kuufuata hakutampunguzia dereva riziki yake.