Gololi Shingoni mwa Chupa

Ukinunua ramune kwenye tamasha la kiangazi nchini Japani, usitafute kifuniko cha kung'oa. Kilichoziba mdomo wa chupa ni gololi ya kioo. Unapewa kipini kidogo cha plastiki, unakigandamiza kwa kiganja, gololi inadumbukia shingoni, gesi inafoka na vidole vinalowa. Kuanzia hapo kila funda lina mlio wake, gololi ikigonga kioo. Wajapani wamekipenda mno kinywaji hiki baridi cha msimu, hata washairi wa haiku wanalihesabu neno ramune miongoni mwa maneno yanayoashiria kiangazi.

Ramune ni lemonedi, jina la Kiingereza lilivyotua kwenye ndimi za Wajapani. Nami naamini imedumu kwa ajili ya chupa yake kuliko kwa ladha yake.

Ladha yenyewe ni ya kale. Nyaraka za Wayahudi wa Cairo ya zama za kati zinataja biashara ya maji ya limau yenye sukari, yakiitwa qatarmizat. Paris nayo ilikuwa na chama rasmi cha wauza lemonedi mwaka 1676, na wachuuzi waliipitisha mitaani wakiwa wamebeba mitungi mgongoni.

Taabu ilianza gesi ilipoingia. Joseph Priestley aligundua njia ya kutia gesi kwenye maji mjini Leeds mwaka 1767, na mwaka 1783 Jacob Schweppe akaifanya biashara huko Geneva. Lakini gesi haipendi kufungiwa. Kizibo cha gome la mti kikikauka husinyaa, nayo hutoroka. Ndiyo maana watengenezaji walibuni chupa zenye kitako cha mviringo, zisizoweza kusimama: zililazwa ubavu ili kinywaji kikiloweshe kizibo muda wote.

Mwingereza Hiram Codd akaja na jambo ninaloliona la kipaji hasa. Katika chupa aliyoikamilisha mwaka 1872, gesi yenyewe ndiyo mlinzi. Chupa ilijazwa ikiwa imeinamishwa kichwa chini, gololi ikaangukia mdomoni, na msukumo wa gesi ukaikaza kwenye pete ya mpira. Shingo ilibanwa ili gololi isizame hadi chini, ikawekewa na vibonyeo vya kuishika wakati wa kunywa. Watoto wa Uingereza walizivunja chupa hizo ili wapate gololi za kuchezea, na wenye viwanda wakala hasara.

Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno, hiki hiki cha soda zetu. Kilikuwa rahisi na cha kutumia mara moja, na chupa ya Codd ikatoweka Uingereza taratibu. India iliing'ang'ania. Delhi huiita banta, na kusini ni goli soda. Sisi tuliokua tukicheza gololi vumbini hatuhitaji mkalimani hapo.

Japani ndiko ilikopendwa zaidi. Mskoti Alexander Cameron Sim aliuza ramune Kobe mwaka 1884. Miaka miwili baadaye magazeti yalieneza kwamba vinywaji vya gesi hukinga kipindupindu, na watu wakaikimbilia. Hata manowari Yamato, iliyozamishwa Aprili 1945, ilikuwa na mtambo wa kutengenezea ramune. Baadaye sheria iliwaachia wenye viwanda vidogo na vya kati utengenezaji wake, na nadhani hilo limeiokoa isimezwe na makampuni makubwa.

Gololi hiyo Wajapani huiita bidama. Sehemu ya kwanza ya neno hilo inatokana na vidro, yaani kioo kwa Kireno. Wareno hao hao ndio waliotuachia sisi wa pwani neno limau. Mabaharia wa taifa moja walidondosha jina la tunda huku na la kioo kule, na tunda na kioo vikakutana ndani ya chupa moja.

Siku hizi chupa nyingi za ramune zina mdomo wa plastiki, na nyingine hufunguka mtoto akiuzungusha, gololi ikatoka. Zamani chupa nzima ilikuwa ya kioo na ilibidi irudishwe dukani. Mtoto aliirudisha ikiwa tupu, gololi ikilia ndani njia nzima.