Mtutu wa Gobore Katika Nchi ya Chato

Katika nchi iliyo baina ya Geita na Biharamulo, ambamo Chato imo, palikuwa na Warongo, mafundi waliosifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe, ambayo katika Usukuma na Unyamwezi yalitumika hata kulipia mahari. Lakini bunduki haikuzaliwa katika viriba vyao. Ilipanda kutoka pwani pamoja na misafara iliyopitia Tabora, na Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwapa rugaruga, askari wake, silaha hizo akatikisa Unyamwezi nzima.

Hata bunduki zilipofika, mwindaji maskini wa nchi ya Chato hakuwa na hiari kubwa ya mtutu. Ule wenye mifuo ya mzunguko ndani huizungusha risasi, ikaenda mbali bila kuyumba, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Ule laini, wa gobore la gumegume au la fataki, ulikuwa rahisi na ulikubali risasi au marisaa, ila shabaha yake ilikuwa ya karibu tu. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukaharimisha kuingiza bunduki za shabaha katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaziachia njia zile za gumegume zisizo na mifuo. Na hivyo sheria ikaungana na ufukara.

Basi mwenye gobore alijifunza saburi: kunyatia, kuujua upepo, na kumkaribia mnyama, kwani masafa ambayo mtutu haukuyafikia, ilibidi miguu iyafikie.